Pikipiki ya tarishi wa jeshi la akiba: maradhi ya kulala

Fundi wa bodaboda wa Kariakoo au Kongowea anayajua vizuri maradhi ya pikipiki iliyochoka: cheni imelegea, ringi zimekwisha, klachi imeungua. Pikipiki ya tarishi wa jeshi la akiba haifi hivyo. Inafia kwenye ukumbi wa kikosi, chini ya turubai, ikingoja wikendi ya mazoezi.

Piga hesabu. Katika vikosi vingi vya Territorial Army ya Uingereza, ambayo tangu 2014 inaitwa Army Reserve, askari alitakiwa kuhudhuria siku 27 kwa mwaka: kambi ya wiki mbili na wikendi za hapa na pale. Hata pikipiki ikitolewa kila moja ya siku hizo, bado zinabaki siku 338 za kusimama kwenye jengo lenye baridi na unyevu. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na kilomita. Unaanza na kalenda.

Mashine ninazozizungumzia ni za vizazi viwili. Za vita kuu ya pili ni BSA M20 ya cc 496, ambayo vali zake zimekaa ubavuni mwa silinda na zilitengenezwa zaidi ya 120,000. Norton 16H, ndugu yake wa karibu. Na Matchless G3/L ya cc 350, ambayo mwaka 1941 iliwaletea askari wa Uingereza shoku za mbele za mirija yenye oili. Kizazi cha pili ni Armstrong MT500 ya miaka ya 1980 na Harley-Davidson MT350E ya miaka ya 1990, zote zikiwa na injini ya Rotax ya Austria. Wapanda pikipiki waliopeleka barua za jeshi waliitwa Don R, kutoka DR, yaani despatch rider, kwa sababu katika simu za jeshi za wakati ule herufi D ilitamkwa "Don". Kwetu neno lipo tangu zamani: tarishi. Jeshi lilikwisha kuziuza mashine hizi kwa raia, nyingi ziko mikononi mwa wapenzi wa pikipiki, na wapenzi nao huzitoa kwa maonyesho ya kiangazi tu. Kwa hiyo ugonjwa umehama na mgonjwa.

Kabla ya kushika spana, uliza mambo matatu: imelala tangu lini, petroli iliyomo ni ya lini, na mtu wa mwisho kuigusa alifanya nini. Jibu la swali la tatu ndilo linalookoa muda mwingi zaidi. Katika jeshi la akiba mashine moja hupita mikono mingi, na makosa mengi yanayoonekana kama ubovu ni swichi au bomba lililoachwa vibaya.

Haiwaki kabisa

Anza na yasiyohitaji spana. Bomba la petroli limefunguliwa? Kitufe cha kuzimia injini kiko sawa? Kwenye mashine za jeshi, swichi ya taa ina nafasi zaidi ya zile za pikipiki ya kiraia, nami nimeona watu wawili wazima wakifungua kabureta nzima kumbe swichi kuu haijawashwa.

Kisha fuata mpangilio ambao fundi yeyote anaujua: moto, mafuta, hewa. Toa plagi, iunganishe na kofia ya waya wake, iegemeze kwenye chuma cha injini mbali na tundu la plagi, piga kiki. Cheche ya buluu inayolia "tak" ni nzima. Ya njano na nyembamba ni dhaifu, na chini ya mgandamizo wa silinda inaweza kuzima kabisa. Kwa injini za vita zenye magneto, yaani kifaa kinachojitengenezea umeme wa cheche bila betri, nafasi ya plagi iwe milimita 0.45 au 0.5, wala isizidi hapo. Magneto iliyozeeka haina nguvu ya kuruka mwanya mpana. Pointi zake, vile vichuma viwili vinavyokata umeme ili cheche iruke, zifunguke milimita 0.3.

Kama hakuna cheche hata kidogo baada ya kulala, usiilaumu magneto upesi. Pointi zilizokaa kwenye unyevu hufanya utando mwembamba ambao macho hayauoni. Pitisha kipande cha kadi safi katikati yake, uzifunge juu ya kadi, vuta. Kadi ikitoka na mstari wa kijivu, huenda umemaliza kazi. Ikishindikana, fungua kishikio cha waya mkubwa wa plagi ubavuni mwa magneto, angalia kibrashi cha kaboni, kisha ingiza penseli iliyofungwa kitambaa kikavu ndani ya tundu na umwambie mwenzako azungushe injini polepole kwa kiki. Kitambaa kitafuta pete ya shaba inayopokea umeme. Uchafu mweusi wa kaboni na oili kwenye pete ile unatosha kuulaza moto wote.

Moto ukiwepo, nenda kwenye mafuta. Petroli iliyobaki ndani ya kikombe cha kabureta hukauka taratibu na kuacha gundi ya rangi ya chai. Gundi hiyo huziba kwanza tundu dogo kuliko yote, la jeti ya sailensa (ya injini inayowaka polepole bila kupewa mafuta), ambalo upana wake ni kama nusu milimita. Dalili yake ni hii: pikipiki inakataa kuwaka bila choki, au inawaka kwa choki tu na kuzima ukiirudisha. Wengi hukaza skrubu ya hewa huku na huku siku nzima. Usiiguse. Kama jeti inatoka, itoe, iloweke kwenye dawa ya kusafishia kabureta, ipulize kwa hewa, iangalie juani mpaka uone duara kamili la mwanga. Waya wa chuma usiingie humo, maana tundu ukishalipanua huwezi kulirudisha.

Siku hizi kuna mzigo mwingine. Petroli ya kawaida ya vituo vya Uingereza tangu Septemba 2021 ni E10, yenye ethanoli mpaka asilimia 10. Ethanoli huvuta maji kutoka hewani, na mpira wa zamani hauivumilii. Ukikuta matone yanayotembea kama zebaki chini ya kikombe cha kabureta, hayo ni maji. Mwaga yote, safisha tanki pia, kisha tumia petroli ya daraja la juu yenye ethanoli kidogo. Uzuri wa injini za vita ni kwamba hazina madaha kwa upande wa nguvu ya petroli: M20 ina mgandamizo wa karibu 5 kwa 1, maana ilitengenezwa kula petroli hafifu ya mgao. Kinachoumia ni sili na mipira.

Kwa MT350E, ambayo ina stata ya umeme, mtuhumiwa wa kwanza ni betri. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma kama 12.7. Ikisoma 12.4 imeshaanza kudai chaji, ikisoma 12.0 imekwisha, hata kama taa zinawaka vizuri na kukudanganya. Weka mita kwenye nguzo za betri ukibonyeza stata: ikishuka chini ya 9.6 au hapo karibu, betri haifai hata ukiichaji usiku kucha, kwa sababu sahani zake zimeota ugumu wa salfeti. Usiendelee kulazimisha stata kwa betri dhaifu, kwani ni kuitesa stata na gia zake. Kiki ipo, itumie, na betri uitoe ukaichaji mezani.

Inawaka vizuri, dakika 10 baadaye inazima

Hapa watu hupoteza pesa nyingi, kwa kuwa magonjwa mawili yana sura moja na tiba zao hazifanani hata kidogo.

La kwanza ni pumzi ya tanki. Kifuniko cha petroli kina kitundu cha kuingizia hewa, na baada ya miezi ya vumbi, kutu na buibui kitundu huziba. Injini inanyonya, tanki linabaki bila hewa, petroli inagoma kushuka. Kipimo chake ni rahisi: injini ikizima tu, fungua kifuniko pale pale barabarani. Ukisikia "fyuu" na injini ikawaka mara moja, umepata.

La pili ni kondensa ya magneto, kile kifaa kidogo kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi, na hili ndilo ugonjwa wa kweli wa pikipiki za vita. Kondensa imefungiwa ndani ya kiini kinachozunguka, pamoja na nyaya zake. Ikizeeka hufanya kazi ikiwa baridi. Joto la injini likipanda inaanza kuvuja umeme, moto unadhoofika, injini inaanza kumisi, inakohoa, inakufa. Ukifungua kifuniko cha tanki hakuna kinachobadilika. Ukiiacha nusu saa ipoe, inawaka tena kama haikuwa na shida, inakupeleka kilomita kadhaa, inazima tena. Ukiona mzunguko huo usibadilishe kabureta. Pima cheche injini ikiwa moto, si baridi. Wengi hupima nyumbani asubuhi, wanaona cheche nzuri, wanaondoa magneto kwenye orodha ya washukiwa. Tiba ni kumpelekea mtaalamu wa magneto aifungue na kuweka kondensa mpya ya kisasa. Kando ya barabara huna la kufanya ila kungoja.

Ndugu wa tatu, mdogo, ni bomba la petroli lenye sili ya koki, yaani gome la mti kama la kizibo cha chupa. Koki ikikaa bila petroli hukauka na kusinyaa. Ukijaza tanki asubuhi ya safari inavuja na kulowesha buti lote, na ukiipa siku moja inavimba na kuziba yenyewe. Kwa hiyo jaza tanki siku moja kabla. Vipande vya koki iliyokufa vinaweza pia kusafiri hadi kwenye chujio na kuiziba njia, na hapo dalili inafanana na ya kifuniko: injini inakosa pumzi kwenye mlima, kwenye tambarare inapata nafuu.

Moshi wa buluu umejaa uwanja, oili imemwagika chini

Hili nitalikalia kidogo, kwa sababu linaua injini nzima mikononi mwa watu wenye nia njema.

Injini hizi zote, za vita na za Rotax, hazihifadhi oili tumboni mwake. Oili inakaa pengine, kwenye tanki lake. Pampu moja inaipeleka injini, nyingine inaichota tumboni na kuirudisha. Ya kurudisha ina nguvu kuliko ya kupeleka, ili tumbo lisijae. Mashine ikitembea kila siku mpango huu hauna kasoro. Ikisimama, tanki liko juu, injini iko chini, na oili haina haraka: inapenya kwenye pampu iliyolika, inapita kwenye kigololi cha kuzuia kisichokaa sawa, tone baada ya tone. Wiki sita baadaye tanki ni nusu tupu na tumbo la injini limejaa.

Sasa anakuja askari wa zamu Jumamosi alfajiri. Anafungua kifuniko cha oili, anaona imepungua, anaongeza lita moja. Amefanya alivyofundishwa, na hapo ndipo balaa linapoanza. Injini ikiwaka, vibao vinavyozunguka vinapiga oili kama mwiko kwenye uji, oili inapanda kwenye pistoni, moshi unafunika uwanja, shinikizo linatafuta pa kutokea na kuzisukuma sili nje. Kisha pampu inarudisha oili yote tankini, tanki linafurika juu ya tairi la nyuma. Oili kwenye tairi la nyuma, barabara yenye mvua, kijana mwenye barua shingoni. Siwezi kulichukulia hilo kama uchafu tu wa sakafu.

Kwa hiyo sheria ni moja: oili ya mashine iliyolala haipimwi wala haiongezwi kabla injini haijawaka. Kama imelala chini ya mwezi, iwashe, iache isailensi polepole, fungua kifuniko cha tanki la oili na utazame kijibomba cha kurudishia. Oili inatakiwa itoke humo ikiruka, mwanzo kwa mkondo mnene, baadaye ikikatikakatika na mapovu. Baada ya dakika 2 au 3 ndipo upime. Ikipita dakika moja bila kuona chochote kinarudi, zima. Kama imelala zaidi ya mwezi, usiiwashe kabla ya kufungua nati ya chini ya tumbo na kuimwaga. Pima uliyoitoa kwa chupa yenye alama, uandike. Mililita 100 ni kawaida ya uzee. Nusu lita ni pampu au kigololi kinachoomba fundi.

Utashauriwa uweke vali ya kuzuia oili kwenye bomba kati ya tanki na injini. Inazuia kweli. Mimi siiweki, na sitaki kuiona kwenye mashine inayoendeshwa na watu kumi tofauti. Siku mmoja atakaposahau kuifungua, injini itakwenda kavu na kukwama, na gurudumu la nyuma litakwama nayo. Kigololi kipya na kazi ya mchana mmoja ni bei ndogo.

Kiki inarudi na kupiga mguu. Au ekzosi inaiva nyekundu

Magonjwa mawili, wenzo mmoja. Pikipiki za vita zina kiwenzo kidogo kwenye usukani cha kuchelewesha au kuwahisha moto. Kijana aliyezoea pikipiki ya leo haujui. Akipiga kiki moto ukiwa umewahishwa, silinda moja ya cc 500 inaripuka kabla pistoni haijafika juu na kiki inarudi kwa nguvu ya kuvunja kifundo. Akikumbuka kuuchelewesha wakati wa kuwasha lakini akasahau kuurudisha, anaendesha safari nzima na moto uliochelewa: injini haina nguvu, inachemka kupita kiasi, usiku ekzosi inaonekana imeiva karibu na silinda. M20 na Norton, kwa kuwa vali ya kutolea moshi iko ubavuni na joto lake linabaki mwilini mwa silinda, zinaumia kuliko Matchless. Chelewesha, washa, wahisha. Nimeyaandika maneno hayo matatu kwa rangi nyeupe kwenye tanki la yangu.

Kama wenzo uko sawa na bado inachemka, angalia kama inakula hewa ya wizi kwenye maungio ya kabureta. Nyunyiza maji kidogo kwenye maungio injini ikiwa inasailensi; mlio ukibadilika, gasketi imekwisha.

Rotax haina wenzo huo, ina siri nyingine: mkanda wa mpira wenye meno unaozungusha kamshafti, shafti inayofungua vali. Mmiliki anatazama kilomita 9,000 kwenye saa ya mwendo na kusema mkanda bado mpya. Mpira hauhesabu kilomita peke yake. Mkanda uliofungwa jeshini na haujaguswa tangu mashine iuzwe ubadilishe kabla ya safari yoyote. Ukikatika hautoi onyo, na vali zinaweza kugongana na pistoni.

Gia inaingia kwa kishindo, pikipiki inaruka mbele

Klachi imeshikana. Sahani zake zimekaa zikibanana miezi mitatu na oili imekuwa gundi. Kwenye mashine za vita, kabla ya kuwasha, kaza mkono wa klachi mpaka mwisho na upige kiki mara tano sita. Mwanzo itazungusha injini, kisha utahisi kiki imelegea ghafla. Hapo sahani zimeachana. Ikikataa, tia gia ya pili injini ikiwa imezimwa, kaza klachi, sukuma pikipiki mbele na nyuma. Usiwashe injini ukitumaini itajiachia, tena ndani ya ukumbi wenye ukuta mbele yako.

Breki

M20 na wenzake, pamoja na MT500, zina breki za dramu. Baada ya kulala, dramu huota kutu nyembamba na breki ya kwanza hushika kwa ghafla kama imekwama. Endesha taratibu mita 200 ukigusa breki kidogo kidogo, itajifuta. Ikiwa inashika kidogo hata baada ya hapo, shuu zimekuwa kioo. Zifungue, zikwangue kwa msasa, uvae barakoa, maana pedi za zamani zilikuwa na asbesto. Vumbi lake usilipulize kamwe. Lifute kwa kitambaa chenye maji.

MT350E ina diski. Ugonjwa wake ni pistoni za kaliba, kile kibano cha breki, kuganda, na dalili ni gurudumu linalozunguka kwa uzito hata ukiachia mkono. Maji ya breki nayo hunywa unyevu yakiwa yamekaa tu. Yabadilishe kila miaka 2, hata kama pikipiki haikwenda kokote.

Taa

Kwa mashine za vita, volti 6 ni volti 6, usitegemee mwanga wa Land Cruiser. Lakini kama taa hufifia ukitumia honi au zinawaka kwa kucheza, kwa kawaida mkosaji ni waya wa ardhi uliolala juu ya rangi au kutu. Kwangua chuma kionekane, paka grisi, funga. Kabla ya kuunganisha betri yoyote, hakikisha nguzo ipi inakwenda kwenye fremu. Pikipiki za Uingereza haziko sawa zote. Na kama taa kubwa na ya breki zimekufa pamoja huku kijitaa kidogo kikiwaka, si ubovu: swichi ya jeshi imeachwa kwenye nafasi ya msafara wa gizani.

Usukani unatikisika kwenye mwendo

Tazama tairi kwanza. Imesimama pahala pamoja kwa miezi, upande wa chini umekuwa bapa. Soma tarakimu 4 za mwisho pembeni mwake, ambazo ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tairi yenye kashata nzuri na nyufa za uzee ni ya kutupa.

Kisha tazama mzigo. Tarishi wa vita alibeba mifuko ya turubai juu ya gurudumu la nyuma, na kila mtu aliyemwona alimwongezea kitu. Uzito ukizidi nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unaanza kucheza. MT350E ilijibu tatizo hilo kwa masanduku mawili yaliyofungwa mbele, ubavuni mwa injini, na ala ya bunduki upande mmoja nyuma. Wanunuzi wengi wa kiraia huyang'oa masanduku ya mbele kwa sababu hayapendezi, kisha wanafunga mabegi makubwa nyuma na kushangaa. Kama unabeba mzigo, yarudishe. Pande mbili ziwe na uzito sawa. Pima kwa mizani ya nyumbani, si kwa mkono.

Tarishi naye ni mgonjwa

Barua ikichelewa, si kila mara injini ndiyo iliyokosa. Vidole vikifa ganzi, mpanda pikipiki anachelewa kushika breki bila kujijua. Kinga zikilowa ndani ziwe za akiba mfukoni, kavu, zimefungwa kwenye plastiki. Buti likijaa maji, suruali ya mvua imeingizwa ndani ya buti, iwe nje. Miwani ikipata ukungu, pumzi yako inapanda kutoka kwenye skafu: ishushe chini ya pua. Gazeti chini ya koti, kifuani, bado halina mshindani kwa bei yake.

Barua ikifika imelowa, ilikuwa kwenye mfuko wa pikipiki. Mahali pake ni mkoba unaopita begani, chini ya koti. Nayo iandikwe kwa penseli. Wino wa kalamu unakimbia na mvua.

Tarishi akipotea, usimlaumu kabla ya kumwuliza alipewa nini. Mwaka 1940 Waingereza walizing'oa alama za barabarani wakihofia kuvamiwa, na matarishi wao wakapita njia zilezile usiku, taa ya mbele imefunikwa kibati chenye mwanya. Aliyefika alikuwa na karatasi ya njia iliyoandikwa mapema: daraja, kushoto, kanisa, kulia. Simu yako ikizima betri, karatasi hiyo bado itasomeka.

Na kichwa. Daktari wa upasuaji wa ubongo Hugh Cairns, mmoja wa waliomhudumia T. E. Lawrence, yule "Lawrence wa Arabia", baada ya ajali yake ya pikipiki mwaka 1935, alichapisha mwaka 1941 utafiti wake juu ya majeraha ya kichwa ya wapanda pikipiki. Katika miezi 21 ya kwanza ya vita, wapanda pikipiki na abiria wao 2,279 walikuwa wamekufa kwenye barabara za Uingereza, na wengi wao kwa kuumia kichwa. Novemba mwaka huohuo jeshi likaamuru helmeti kwa kila mpanda pikipiki aliye kazini. Kwa hiyo yule anayevaa helmeti ya chuma ya mwaka 1943 kwenye maonyesho ili apendeze, utandu wake wa ndani umekwisha kuoza na mkanda wake unakatika kwa kuvutwa, avae hiyo akiwa amesimama kupigwa picha. Barabarani avae ya leo.

Jumapili jioni, kabla ya kufunga mlango

Funga bomba la petroli injini ikiwa inawaka, iache ijizime yenyewe kabureta ikiwa tupu. Kama italala mwezi mmoja, jaza tanki la chuma mpaka juu ili hewa yenye unyevu isipate nafasi. Kama ni msimu mzima wa baridi, limwage lote. Toa betri. Paka cheni oili ingali na joto. Funga mkono wa klachi kwenye usukani kwa kamba ili sahani zikae zimeachana. Inua mashine kwenye stendi, tairi zisiguse sakafu.

Kisha andika kadi, uitundike kwenye usukani: tarehe iliyolala, petroli imo au haimo, oili haijapimwa, klachi imefungwa kwa kamba. Atakayeifungua turubai wiki sita zijazo si wewe.